Ufagio wa Siku ya Wageni

Rosebellah aliajiriwa Riyadh kupika, kufua na kulea watoto. Habari ya bustani haikuwamo. Ila ukishaingia nyumba ya watu kazi huzaana zenyewe, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Madam alipoanza kutazama kwenye simu picha za bustani zilizojaa ndege na vipepeo, akataka na yake iwe hivyo. Akamkabidhi Rosebellah glavu na makasi, akamwambia yalla, haya anza.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu hajakanyaga kwao Butere, Kenya. Mama yake, Sellah, alikuwa na presha ya macho; jicho la kushoto lilishakufa na la kulia lilikuwa linafifia. Kila wakiongea kwa simu alirudia neno lilelile: "Rose, njoo nikuone nikiwa bado naona." Rosebellah hakutaka kingine duniani. Ruhusa ya kutoka nchini ilikuwa mkononi mwa kafili, mdhamini wake wa kazi, yaani baba, mume wa madam, na baba hakukata neno la nyumbani bila mkewe. Madam naye alikuwa ameahidi: baridi ikiisha, bustani ikikaa vizuri, dada yake akija kutoka Jeddah kuiona, Rosebellah atasafiri.

Basi akaikamata bustani kwa mikono miwili. Asubuhi za baridi kavu inayopasua midomo alipogoa mawaridi, akapunguza bogenvilia iliyoparamia ukuta, akasugua bakuli la maji ya ndege lililoota utelezi wa kijani, akapanda rihani. Hakukusudia kuipenda kazi ile, lakini ilimteka. Siku moja hudihudi alitua kwenye nyasi, akakunjua kishungi chake, akachokoa wadudu karibu na viatu vyake bila woga. Siku nyingine alikuta kiota cha shore ndani ya bogenvilia, kina mayai, akaliacha tawi lile bila kulikata. Madam alimsifu kwa hilo.

Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na lundo la majani makavu na matawi ya miiba yaliyokatwa. Madam alisema liachwe. Hakusema kwa nini. Hakuwa mtu wa kupoteza sababu zake kwa mfanyakazi.

Siku ya wageni ikafika, mwanzo wa Machi. Sasa, kwao Rosebellah mgeni akikuta uwanja haujafagiliwa huondoka na jina lako mdomoni. Msichana hupewa ufagio kabla ya kupewa kisu, na Sellah alikuwa akiwaamsha wanawe kufagia hata nyuma ya choo. Rosebellah akalitazama lundo lile akaona aibu, tena aibu yake mwenyewe. Akajiambia kwamba madam alisema liachwe siku za kawaida. Nani anamwachia mgeni takataka aione? Na safari yake ilining'inia kwenye ziara ile. Akazoa majani yote kwenye mifuko. Kitu kilimchoma kupitia glavu, kizito kidogo, akadhani ni bonge la udongo limenasa miiba ya bogenvilia. Lori la taka likapita, likabeba. Akaifagia ile kona mpaka mistari ya ufagio ikalala sambamba, akaridhika.

Dada mtu alikuja na mfanyakazi wake, Valary, msichana wa Kakamega anayeishi naye Aziziya huko Jeddah. Baada ya kahawa madam akawaongoza wageni bustanini akinyata, kidole mdomoni, simu tayari kupiga picha. Akazunguka tangi. Akakuta ardhi tupu.

Kumbe alikuwa amegundua kalunguyeye mle, mnyama mdogo wa miiba, amezaa, na siri hiyo alikuwa amemwekea dada yake iwe zawadi.

"Umetupa mama na watoto wake!" Madam alilia, machozi ya kweli. "Haramu! Maskini! Wewe huna moyo? Hujui mama ni nini?"

Rosebellah nusura acheke, na kicheko hicho kingekuwa kibaya kuliko tusi. Alimhurumia mnyama yule. Alikuwa amemshika kwa vidole vyake. Lakini alimwonea pia wivu kalunguyeye yule, kwa kuwa yeye hakuwahi kuliliwa namna ile katika nyumba hii.

"Pole, madam. Sikujua. Lakini safari yangu..."

"Mafi safari, hakuna! Halas, basi. Baada ya kiangazi, labda."

Jikoni, Valary alimsaidia kuosha vikombe. "Si angekuambia tu kuna mnyama?" alinong'ona. "Hata mimi ningefagia, woiye. Nani haezi fagia na wageni wanakuja?" Rosebellah akaendelea kusugua vikombe. Alikuwa anamchukia kila mtu, Valary naye ndani.

Alimwendea baba. Baba alimsikiliza kwa upole, akamwambia aongee na madam. Alipoongea na madam, madam alimwonyesha lundo jipya la majani aliloagiza lirundikwe palepale, akamtaka alilinde. Hakuna kilichokuja kukaa mle isipokuwa mende.

Mei, jua la Riyadh likiwa limeshaanza kuunguza, Rosebellah alikuwa akijaza maji bakuli la ndege saa sita mchana simu ilipoita kwa video. Jirani alikuwa amemshikia Sellah simu. Uso wa mama yake ulijaa kioo, umekonda, unatazama pembeni kidogo ya pale alipostahili kutazama.

"Rose," mama akasema, "mbona umeniitikia gizani? Simama penye mwanga nikuone."

Rosebellah alikuwa amesimama katikati ya nyasi, jua juu ya utosi.

"Nasimama, mama."

"Bado. Sogea kidogo."

Rosebellah akasogea.