Chupa ya Maji Mbele ya Wakwe

Binti yangu anafundisha saikolojia katika chuo kimoja hapa Kitale. Mimi niliishia kidato cha nne. Muhula uliopita aliniomba nikawasimulie wanafunzi wake habari za marehemu ndugu yangu mdogo. Nilikubali, nikidhani nitasifiwa kwa kujaribu kumwonya.

Ndugu yangu aliishi Kamukuywa na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Aliacha dawa za hospitali, akawa anakunywa maji aliyouziwa na mhubiri fulani. Siku moja wakwe zake walikuja kumtembelea. Tukiwa mezani, niliinua chupa yake nikauliza, "Haya yanaponya sukari, ama yanazalisha vyura tumboni?" Watu walicheka, hata baba mkwe wake. Ndugu yangu aliinama akaendelea kuwagawia wageni kuku. Kwetu mtu haaibishwi mbele ya wakwe, na nilijua hivyo nilipokuwa nikifungua mdomo.

Miezi minne baadaye tulimzika.

Nilipomaliza kusimulia, kijana mmoja alidakia, "Lakini mzee, si ulimwambia ukweli, bana!" Wenzake wakacheka. Binti yangu hakumkemea. Alimwuliza kwa upole, "Wewe ukichekwa hivyo mbele ya wakwe, kesho yake ungeenda hospitali?" Kijana akatikisa kichwa. Kisha binti yangu akawaambia kwamba kabla ya kumwonyesha mtu alipokosea, wamwulize anaogopa nini.

Msichana wa mbele akanigeukia. "Mzee, ndugu yako aliogopa nini?"

Sikujua. Sikuwahi kumwuliza.

Jumamosi nilikwenda Kamukuywa kwa mjane wake. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuacha kazi yake.

"Aliogopa kukatwa mguu, shemeji. Jirani alienda na kidonda, akarudi na mguu mmoja."

"Basi yale maji aliyaamini kweli?"

"Alikuwa ameshayachoka. Tulikuwa tumepanga twende kliniki Jumatatu, wazazi wangu wakishaondoka."

"Mbona hamkwenda?"

Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Alisema, 'Nikienda, kaka atasema amenishinda.'"

Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Binti yangu ameniomba nirudi darasani muhula huu. Habari ya ile Jumatatu bado sijamwambia. Nitaisema, kwa sababu kosa ni langu, lakini kila nikijaribu kuisema peke yangu nyumbani, nafika kwenye chupa, kisha narudi mwanzo.