Sayari ya Aswivre

Harufu ya mazutu, dizeli ya malori, hunishika mpaka leo. Nikipita asubuhi karibu na maegesho ya malori hapa Butembo, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati na madereva wakipasha injini moto, nasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Walimu wenzangu wananicheka, wanasema mwanamke mzima ananusa moshi kama wengine wanavyonusa mandazi. Siwaelezi, maana maelezo ni marefu na mwisho wake haupendezi. Kwetu Mususa, mtaa wa huku huku Butembo, nilipokuwa mtoto, harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: Baba Zaina amefika kutoka Beni, lori limesimama mbele ya ua, na kabla jua halijazama tutajua kama wale watu wa angani wamefika au bado.

Zaina alikuwa rafiki yangu, rika moja na mimi, tukikaa dawati moja darasa la tatu. Wao walikuwa Waislamu wa Beni, ukoo wa wasafirishaji tangu babu yao. Beni ilipogeuka mahali ambapo mtu analala na viatu miguuni, baba yake, Hamza, alimhamishia mkewe na watoto Butembo, kwenye nyumba iliyotenganishwa na yetu kwa ua wa mianzi ambao kuku hawakuuheshimu. Yeye mwenyewe aliendelea na barabara. Alileta mchele, mbao na mafuta ya mawese, akarudi na maharage na viazi vyetu vya milimani. Juu ya kioo cha mbele lori lake lilikuwa limeandikwa KAWIA UFIKE, kwa rangi nyekundu, na sisi watoto wa Kikatoliki tulidhani kwa muda mrefu kwamba ni aya ya dini yao. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, na hakuwahi kufika bila kitu mfukoni cha watoto.

Kitu chenyewe mara nyingi kilikuwa diski. Sokoni Beni kulikuwa na watu waliouza katuni zilizonakiliwa, na Hamza alikuwa ameanza, bila kujua anaanza nini, kutuletea hadithi moja ya angani iliyokuja kwa vipande. Televisheni yao ndogo iliendeshwa na betri kuukuu ya lori. Akifika, aliunganisha betri hiyo na injini inayonguruma, akaijaza, kisha akaibeba mwenyewe mpaka sebuleni, sisi tukimfuata nyuma kama wanaofuata msalaba siku ya maandamano. Kwa hiyo picha na umeme na baba vilikuja pamoja. Akiondoka, tuliangalia tena na tena mpaka betri ichoke, sura za watu zianze kusinyaa kwenye kioo na giza lirudi mahali pake.

Hadithi ilikuwa ya meli iliyofanana na pasi ya makaa. Ndani yake walikuwamo watu ambao sayari yao ilikuwa imeungua, wakitafuta nyingine ya kuishi. Walizungumza Kifaransa cha haraka ambacho hatukukipata hata nusu, lakini habari ya kukimbia nyumba inayoungua hatukuhitaji kutafsiriwa. Majina yao yalitushinda, basi tukawapa ya kwetu. Nahodha tulimwita Paluku, kwa sababu kwetu Paluku ni mzaliwa wa kwanza na nahodha hawezi kuwa mdogo wa mtu. Fundi wa injini akawa Kambale, anayemfuata. Zaina alilalamika kwamba meli nzima imejaa Wanande Wakatoliki, watu wa kabila letu, na hakuna hata mtu mmoja wa kwao. Tukaona ana haki, tukampa rubani, maana kila mtu alijua kwamba dereva mzuri hutoka kwa Waislamu wa Beni. Akamwita Hamza, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsema rubani vibaya.

Kila kipande kilipokwisha, meli ilionekana kwa mbali ikielekea kwenye nukta ya mwanga, na chini ya ile nukta yalitokea maneno mawili meupe: À SUIVRE. Tulikuwa ndiyo kwanza tunajifunza kusoma Kifaransa, tukayasoma kwa pamoja, tukayameza kama neno moja, na hatukuwa na shaka. Lilikuwa jina la sayari. Walikuwa wanaenda Aswivre. Ilieleweka kabisa: kila mara wanaikaribia, kila mara jina lake linaandikwa, na kila mara kuna jambo linalowazuia. Asiyejua maana haambiwi maana, na katika mtaa wetu hapakuwa na aliyejua.

Msimu ule wote wa mvua tulibishana kuhusu Aswivre. Tulibishana njiani, kwenye bomba la maji, na katika mapumziko shuleni mpaka kengele inalia na hakuna aliyekula. Je, kule kuna soko? Watu wake watawapokea wageni, au watawauliza kabila? Mimi nilikuwa mbishi kuliko wote, na nilishikilia kwamba Aswivre iko mbali kama Kinshasa, mahali panapotajwa redioni kila siku na pasipofikiwa na mtu. Katika katekisimu nilimuuliza mwalimu kama toharani ya watu wa Aswivre na yetu ni moja, akanipigisha magoti. Zaina alikuwa na hoja moja tu, na hakuibadilisha. Baba yake alikuwa ameshusha mizigo mpaka Kanyabayonga, alizijua njia zote. "Papa anasemaka njia iko mubaya," alituambia. "Kama njia iko mubaya, unafika wakati Mungu anapenda." Hakuna aliyeweza kubishana na mtoto wa dereva juu ya mambo ya njia.

Kisha ikaja diski ya mwisho. Sikujua kwamba ni ya mwisho. Mambo ya mwisho hayajitangazi. Katika kipande chake cha kumalizia, maadui waliizunguka meli, na rubani akatoka peke yake ndani ya chombo kidogo ili wamfuate yeye, wengine wapate kupita. Walipita. Paluku akamwita kwenye redio. Akamwita tena. Tuliona uso wake ukingoja, tukasikia ule mkwaruzo wa redio isiyo na mtu, kisha nukta ya mwanga, kisha Aswivre. Zaina alilia mpaka mama yake akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi. Hamza alikuwa bado yupo, amekaa ukumbini anakunywa chai. Alimwita binti yake, akamwambia kwamba madereva hawafi ovyo, na kwamba safari ijayo atatafuta diski inayofuata.

Hamza aliporudi Beni, Zaina alimkumbusha kwa simu, na sote tulikuwa tumejazana kusikiliza. Sauti yake ilitoka imekwaruza. "Nitapita kwanza kwa soko. Kama iko, nitaileta." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema.

Siku hizo malori yalingojana kwenye njia ya kutokea mjini Beni ili yaondoke pamoja, askari mbele na nyuma, kwa hofu ya kuvamiwa njiani. Dereva mwenzake, aliyefika Butembo bila yeye, ndiye aliyetuletea habari, akazisema uani mbele ya watoto kwa sababu alidhani anamsifu. Alisema Hamza hakutaka kuondoka na wenzake. Alikuwa bado anazunguka sokoni kutafuta katuni ya watoto, akawaambia watangulie, atawafikia njiani. Walipomhimiza alicheka, akaonyesha maandishi ya lori lake. Lori lilipatikana upande wa Kalunguta, kati ya Beni na Butembo, milango wazi, madumu ya mawese yamemwagika na barabara imekuwa nyekundu, lakini hiyo ilikuwa mawese tu. Yeye hakupatikana, si siku ile wala baadaye.

Tulipiga simu yake. Watu wazima walipiga, kisha sisi tulipiga kwa kuiba. Kila mara mwanamke wa mtandao alijibu kwa Kifaransa chake kilichonyooka kwamba tunayemtafuta hapatikani kwa sasa. Mimi na Zaina tulitazamana, maana wote wawili tulikuwa tunamfikiria Paluku na redio yake.

Ni kaka yangu mkubwa, Kasereka, aliyekuwa sekondari, aliyetusikia siku moja tukiitaja Aswivre. Wakati mwingine angecheka mpaka aanguke. Siku ile alichuchumaa mbele ya Zaina na kusema taratibu, "Hiyo haiko jina ya planète. À suivre, donc itaendelea. Kuko ingine." Alitaka kumfariji kwa elimu aliyokuwa nayo. Zaina alifikiri kidogo, kisha nikaona uso wake unafunguka, na mpaka leo natamani nisingeuona. "Kama kuko ingine," alisema, "basi Papa ataileta."

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumng'oa kwenye hesabu hiyo. Katuni haijaisha, imeandikwa yenyewe kwamba haijaisha. Baba alikuwa anatafuta kipande kinachofuata. Basi baba yuko njiani. Tuliangalia kipande kile cha mwisho kila alasiri, Zaina akikaa karibu na kioo kuliko sisi, mpaka betri ikaanza kuchoka. Sauti ilitangulia kufa. Kisha rangi. Mara ya mwisho tulimwona Paluku akiwa kivuli cha kijivu kinachofungua na kufunga mdomo, na mwanga wote ukaingia katikati ya kioo, ukawa nukta, ukazimika. Betri haikujazwa tena. Ilikaa pembeni ya sebule, ikafunikwa kitambaa, ikawa ya kuwekea vikombe.

Majirani walikuja kumwambia Mama Zaina kwamba subira huvuta heri. Sijui kwa nini tunaipenda methali hiyo hivyo. Tunayo nyingine isemayo ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumpa. Shemeji zake walipokuja kutoka Beni na kumshauri akae eda kama mjane anavyopaswa, alikataa. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa mianzi, nilimsikia. "Sitakaa eda. Hakuna mutu aliniambia kama amekufa." Hakupandisha sauti. Kwa hiyo hakukuwa na kilio, hakukuwa na watu waliolala uani, wala siku ambayo mtu angeweza kusema kwamba huzuni ilianzia hapa. Nyumba ikamshinda, akarudi na watoto Beni kwa ndugu. Mama Zaina alifariki juzi juzi tu, akiwa bado mke wa mtu.

Zaina sasa anauza vitenge sokoni Beni, soko lile lile. Ana watoto. Mimi nafundisha Kifaransa katika shule ya msingi, na darasa langu limejaa watoto waliokimbia kutoka Kalunguta, wanaoacha dawati bila kuaga, familia zao zinapohama tena. Mwezi uliopita Kasereka, ambaye yuko mbali na ana mtandao mzuri, alitutumia mimi na Zaina anwani ya ukurasa. Alikuwa ameipata katuni yetu. Nilikuta watu wazima, wenye kazi na mvi, wakijadili kila kipande kama sisi kwenye bomba la maji: kwa nini nahodha aligeuka kushoto, fundi alikosea wapi. Walikuwa wamebishana kwa miaka juu ya rubani. Mmoja alishikilia kwamba yuko hai, kwa sababu hakuna aliyemwona akifa, na nikasikia sauti ya Mama Zaina kutoka kwa Mfaransa nisiyemjua. Nilisoma kila alasiri baada ya shule, mpaka nikafika mahali ambapo wote walikuwa wanakubaliana. Kipande kile cha redio ndicho kilichokuwa cha mwisho. Waliokuwa wakiitengeneza waliacha kazi hapo. Kinachofuata hakikuwahi kutengenezwa.

Nilitumaini Zaina hatafungua. Alinipigia kesho yake, kutoka kwenye meza yake sokoni. Kifaransa chake kimekauka, akasema, nimsomee mimi mwalimu: mbele iliendeleaje? Mtu aliyesoma anajua kudanganya kwa sarufi nzuri, na nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, rubani amerudi, wamefika, imeandikwa mwisho. Lakini tumeshadanganywa vya kutosha na maneno yaliyoandikwa. Nikamwambia kwamba haikuendelea. Nikamwambia kwamba diski nyingine haikuwako, si Beni wala popote.

Nyuma yake nilisikia soko, mtu ananadi samaki wa chumvi, mtoto anaita mama yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia tu:

"Sasa Papa alikuwa anatafuta nini?"

Zamani tulipokosa jibu tulilitunga, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unaliamini. Tuliweza kuchukua maneno mawili tusiyoyaelewa na kuyafanya mahali pa kwenda. Siku hizi nayaelewa, nayaandika ubaoni, watoto wa Kalunguta wanayanakili kwa mwandiko mzuri. Nilisikiliza pumzi yake mpaka mtandao ukakatika. Nilipopiga tena, yule mwanamke wa mtandao akaniambia, kwa sauti ile ile ya miaka yote, kwamba ninayemtafuta hapatikani.