Majina Arobaini kwa Dole Moja

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana umenirudisha pale pale bila ya kujua. Ulipokuja na karatasi yako ya kumpelekea Mwakilishi, ya kuomba pikipiki zikatazwe kupita kwenye vichochoro vya mtaa wetu, nilikuwa nateremsha wali motoni nikakwambia uiache juu ya meza. Baadaye nikavaa miwani nikaisoma. Hati yako nzuri, maneno yako mazuri, na jambo lenyewe ni la haki. Tangu Bi Salma wa nyumba ya kona agongwe mguu, mimi mwenyewe sitoki mlangoni mpaka nichungulie kwanza. Kisha nikafika kwenye majina, na humo nimeona kitu ambacho nitakwambia mwisho. Kwanza kaa, nikupe habari ya ujinga wangu.

Mimi mjini nimekuja kwa kuolewa. Nimezaliwa shamba, kusini huko, kijiji kidogo njia ya Makunduchi. Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimesoma mpaka kidato cha tatu, na kwa kijiji chetu hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kumtia mtu kiburi. Barua zote niliandika mimi. Mtu akitaka kumwandikia mwanawe aliye Pemba, anakuja kwangu. Akitaka kumjibu mkwewe, anakuja kwangu. Ikafika hadi nikaamini kwamba ninayoyaandika mimi ndiyo watu wanayoyasema.

Tulikuwa na kituo cha afya, chumba kimoja na ukumbi wa kungojea, na mkunga mmoja wa serikali, dada mpole aliyekuja kwa gari la asubuhi kutoka mjini. Ikifika saa nane mchana anafunga, anarudi na gari lile lile. Siku ya Ijumaa anafunga saa sita, anaondoka na gari la mapema. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa vituo vyote vya shamba, na sidhani kama aliyeupanga alikuwa na nia mbaya, ila watoto hawazaliwi kwa kufuata gari.

Wifi yangu Raya, mke wa kaka yangu, uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika alasiri, mlango umeshafungwa. Mpaka ikapatikana gari ya kumfikisha hospitali ya mjini, mtoto alikuwa ameshafariki. Raya mwenyewe alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, hazungumzi. Sasa alikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba. Kila gari la mchana likipiga honi kuondoka, aliacha alichokishika akalitazama mpaka lipotee. Nilikuwa naumia kumwona vile.

Basi tukasikia kwamba Mwakilishi wetu atakuja Jumamosi pale skuli kusikiliza shida za watu. Sheha, kiongozi wa kijiji chetu, akatushauri wanawake tuandike ombi letu, kwamba kila kituo cha shamba kiwe na mkunga anayekaa papo hapo kijijini, na tutie majina, ili Mheshimiwa apate kitu cha kusimama nacho kwenye Baraza la Wawakilishi. Kazi ya kuandika nikapewa mimi, na nilikuwa na siku nne.

Siku nne zilitosha kabisa kupita nyumba zote. Lakini nilijiambia, nani atakataa jambo kama hili? Nikaona kupita ni kupoteza muda. Nikachukua daftari la kualikia harusi.

Hili nikueleze, maana nyinyi siku hizi mnaalikana kwa simu. Kwetu harusi ilialikwa kwa mdomo. Wanawake wawili wanajipamba, wanapita nyumba kwa nyumba, wanabisha hodi, wanakaa, wanauliza hali, ndipo waseme kuwa fulani anakualika kwenye harusi ya mwanawe. Ambaye hakupitiwa haendi, hata kama anaisikia ngoma kitandani kwake. Daftari lile lilikuwa na majina ya wanawake wa kila nyumba ili asisahaulike mtu. Mimi nikayanakili yote, majina arobaini. Wengi wao walikuwa hawajui kuandika, kwa hiyo nikaazima wino wa mhuri kule skuli, nikafunga mlango, nikatia dole gumba langu la kulia mara arobaini. Na kwenye barua nikaongeza mambo mengine sita, yakiwemo barabara, maji na madawati, na sentensi moja niliyoiona tamu sana, kwamba tumechoka kuzalishwa na wakunga wa kienyeji wasiojua lolote.

Jumamosi ikafika. Mheshimiwa alikuwa mtu mzima wa kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono, na kabla ya siasa alisomesha skuli miaka mingi, kwa hivyo karatasi za wanafunzi zinazofanana alishaziona nyingi. Akaisoma yangu polepole, akaisogeza dirishani penye mwanga. Nikamwona anatabasamu, nikadhani amependa.

"Kijiji hichi kina mkosi na mbuzi za kukunia nazi," akasema. "Wanawake arobaini, wote wamejikata dole la kulia, na wote mahali pamoja."

Watu wakacheka kabla ya kuelewa. Mimi nilielewa. Tazama dole langu, mwanangu, kovu si unaliona? Nilijikata kwenye mbuzi nikiwa na miaka minane, na kovu hilo limekata dole upande hadi upande. Lilikuwa limekaa mbele ya kila jina kwenye ile karatasi.

Akaita jina la kwanza. "Bi Mwaka yupo?"

"Naam," akaitika Bi Mwaka. Huyu ndiye aliyekuwa mkunga wetu wa zamani, aliyenipokea mimi na nusu ya waliokuwamo mle chumbani.

"Hili dole umetia wewe, mama?"

Bi Mwaka akanigeukia. Nilimwomba Mungu moyoni aseme ndiyo.

"Sikutia," akasema. "Wala sikuulizwa."

Mheshimiwa hakukasirika. Aliikunja karatasi akanirudishia. "Nkisimama Barazani na hii watanicheka, na jambo lenyewe watalicheka pamoja nami. Nnarudi baada ya wiki mbili. Kama mnalitaka kweli, nipeni karatasi ya watu." Raya akainuka, mkono kiunoni, akatoka bila kunisemesha. Ningependa zaidi anitukane.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Mwaka, na usidhani nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kumlaumu. Nikamkuta kwenye mkeka anasuka ukili wa kushonea mkeka mwengine.

"Shikamoo, Bi Mwaka."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. "Kwa nini hukusema ndiyo? Neno moja tu, na Raya angepata mkunga."

Hakuinua macho. "Kesho jirani yako akiozesha, ukasikia ngoma, na hujaalikwa, utakwenda?"

"Siendi."

"Na ngoma unaipenda."

"Naipenda, lakini nitakuwa nimejipeleka."

"Basi mimi umenipeleka kwa Mheshimiwa. Umenisemea, umenitilia na dole, na mlangoni kwangu hujafika. Tena umesema sijui lolote."

"Nilitaka kumsaidia Raya," nikasema.

"Siku ile mtoto wake anakufa, nani kamshika mkono, mimi au wewe?"

Kisha Bi Mwaka akauweka ukili chini, na sauti yake ikabadilika. "Jambo hili mimi nnalitaka tangu wewe hujazaliwa. Mtoto akikaa vibaya, mikono yangu inajua, na haina la kufanya. Nnamtaka huyo dada mwenye dawa akae hapa karibu, nimwite anisikie. Ungelipita kwangu ningelikwambia haya, na ungeliyaandika."

Nililia mpaka kanga ikarowa. Aibu ilikuwa kubwa kuliko ya jana, kwa sababu jana niliaibika kwa kukamatwa, na pale niliaibika kwa kosa lenyewe. Yule niliyemwandika hajui lolote ndiye aliyekuwa akilijua jambo kuliko sote, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nikaoge, nivae kanga zangu za kutokea, nirudi baada ya sala ya adhuhuri.

Tukapita kama wanavyopita waalikaji wa harusi. Hodi, karibu, hali, na chai ukipewa unakunywa. Bi Mwaka anasema, "Tumekuja kukualika kwenye jambo letu." Mimi nasoma barua, kisha nanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonishinda siku za mwanzo. Wanawake wakazungumza. Wengine walitaja watoto ambao hata sikujua kuwa walizaliwa. Nyumba ya tano au ya sita nikaifuta ile sentensi yangu tamu bila ya kuambiwa, na kufika mwisho mambo saba yalibaki moja.

Bi Tatu alikataa. Mumewe alikuwa akiogopa mambo ya serikali, naye hakutaka ugomvi nyumbani. Mimi nikafungua mdomo nimbishie, Bi Mwaka akamuuliza habari ya mguu wake, akamshukuru kwa chai, tukatoka. Njiani nikanung'unika.

"Kaalikwa, kakataa," akanijibu. "Ana haki yake. Na sisi tunaweza kusema tumemfikia."

Tulipata majina thelathini na moja. Na madole, mwanangu, kila moja na lake. Yalikuwapo manene, yalikuwapo membamba, yalikuwapo ya wanawake wanaolima mwani ambayo alama zake zimelika kwa maji ya chumvi hata hazisomeki vizuri. Pembeni kulikuwa na doa dogo, mtoto wa mtu mmoja alichovya na yeye. Nilitaka kuinakili upya iwe safi, Bi Mwaka akakataa.

Mheshimiwa aliporudi, aliisoma amesimama, akaita tena jina la kwanza. Bi Mwaka akainuka. Alisema kwamba watoto aliowapokea kijijini hapa hawezi kuwahesabu, lakini waliokufa mikononi mwake anawajua mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, na kama Mheshimiwa ana nafasi atawataja. Akawataja. Wa mwisho alikuwa wa Raya. Mheshimiwa akavua kofia, akaishika kifuani mpaka Bi Mwaka alipomaliza. Karatasi akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Mimi hapo bado sikuwa na raha. Ahadi nilishazisikia, na tumbo la Raya halikungoja mkutano. Wiki ya sita, gari la asubuhi likasimama mbele ya kituo, akateremka yule dada mkunga, na juu ya gari likateremshwa godoro lake, ndoo na jiko la mafuta. Kwa ombi la Mheshimiwa amepewa ruhusa ya muda akae chumba kimoja katika nyumba ya mwalimu. Utaratibu wa vituo vyote ulibadilishwa mwaka uliofuata, baada ya jambo kujadiliwa Barazani, lakini sisi tulianza na lile godoro.

Haukupita muda, siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini, Raya akashika mlango wa jikoni akaniita jina. Kwa utaratibu wa zamani kituo kingekuwa kimefungwa saa nzima iliyopita. Tulimkuta mkunga anakula muhogo ukumbini. Akanawa mikono, akamlaza, na alipomwona Bi Mwaka nyuma yetu akamwambia, "Ingia, mama, unisaidie." Mimi nikaachwa nje.

Saa nane gari la mchana likapiga honi. Nikasimama kwa mazoea, kisha nikakumbuka kuwa mkunga yumo ndani. Gari likaondoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelitazama.

Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingo. Bi Mwaka aliniambia baadaye kwamba mikono yake ilijua, na safari hii ilikuwapo mikono mingine ya kufanya. Niliposikia kilio nilikaa kwenye ngazi ya kituo, nikalia na kucheka kwa pamoja. Nilihisi nimetuliwa mzigo ambao nimeubeba tangu siku ya yale madole. Mtoto yule leo ni mwalimu anakaa Mbweni, na akija hapa hunishika dole akalitazama kovu, kwa kunichokoza.

Sasa, mwanangu, nikwambie nilichokiona jana. Jina langu ni la tisa katika karatasi yako, na mbele yake ipo saini. Ni saini nzuri kuliko yangu. Najua umeyatoa majina kwenye kundi la simu la mtaa, na najua ulijiuliza nani atakataa. Sikukasirika. Nimekutambua, basi.

Unapomwomba kiongozi abadilishe jambo, unampelekea watu, na hiyo karatasi ni ya kuwabebea tu. Mtu ambaye hukumfikia, hukumleta. Kwa hiyo ichane hiyo, uanze nyingine. Bisha hodi, kaa, uliza hali, usome, kisha unyamaze wakueleze. Omba moja, uliombe vizuri. Mpitie na kijana wa pikipiki, maana anakula kwa pikipiki ile, na huenda yeye ndiye anayejua njia ya kuzungukia kuliko wewe na mimi. Atakayekataa mshukuru, uondoke kwa wema.

Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kufika kila mlango na masikio ya kusikia yaliyomo ndani. Akukutanishe na viongozi wanaosoma kabla ya kuahidi, na akufikishe siku ya kukaa kwenye ngazi ukalia kwa furaha kama nilivyolia mimi.

Haya, nenda. Kisha urudi, uanze na nyumba hii. Bisha hodi kama hunijui. Dole langu na kovu lake vinakungoja, na safari hii nitalitia mara moja tu.