Kubeba Jipu la Vita kutoka Beu mpaka Butembo

Nilitoka Butembo kwa sababu ya mtu anayetaka maharusi wapigwe picha ndani ya gari la vita. Ni mwenye hoteli moja ya kwetu. Alikuwa amesikia kwamba kule Beni, katika commune ya Beu, kuna mzee mwenye jipu, lile gari dogo la jeshi lisilo na paa, na kamyo ndogo, yaani lori dogo la jeshi, zote mbili za wakati wa Wabelgiji, zimekaa uani chini ya migomba. Alizitaka kwa bustani yake. Nikamuuliza kama mabibi harusi hawataogopa. Akasema watatia maua. Sikubishana naye. Anayeolewa ndani ya gari la vita angalau hadanganywi juu ya anakoingia.

Magari hayo hayatembei, lazima yabebwe. Na barabara ya Butembo na Beni ni kilomita hamsini na kitu tu, lakini kwetu hatuipimi kwa kilomita. Tunahesabu waliotoka, halafu tunahesabu waliofika. Mama yetu, anayekaa Vuhovi, alipojua kwamba dereva wangu ni Muhindo, mdogo wangu, alinipigia simu. Hakunikataza, ananijua.

"Masika, munaenda babili," alisema. "Murudi babili."

Nikamjibu asiogope, mimi kila kitu nahesabu mara mbili.

"Yeye umuhesabu mara tatu."

Wiki tatu kabla ya safari tulikuwa bado katika uwanja wa Kakule, fundi wa kuchomelea vyuma. Kamyo niliyonunua ilikuwa imetumika sana, ya magurudumu kumi, ya bene, yaani ile yenye sanduku la chuma linaloinuka kumwaga mchanga. Tuliondoa bene yote, shasi ikabaki wazi kama ng'ombe aliyechunwa. Juu yake Kakule alilaza sakafu ya chuma kizito, akachomelea pete nane za kufungia minyororo, na nyuma ya kabini akasimamisha nguzo ya kushika palan, ile mashine ya mnyororo ambayo mafundi huinulia injini. Sisi tulitaka itusaidie kuvuta magari yapande. Nilihesabu bulo, yaani bolti, zinazoshika sakafu kwenye shasi: arobaini. Nikahesabu tena: thelathini na tisa. Kakule akasema moja haina kazi. Nikamwambia kama moja haina kazi, basi labda na nyingine kumi hazina kazi, tuzitoe zote na bei ishuke. Akatia ya arobaini bila kunitazama.

Ngazi mbili za kupandishia magari zilitengenezwa kwa mabomba manne mazito niliyoyapata kwenye kiwanda cha kahawa kilichofungwa. Kakule alitaka kuyakata. "Mama Masika, hizi zinapita kamyo. Zitatokea nyuma kwa mukono mumoja." Nilikataa. Nilipoyanunua nilipigania urefu wote, na mtu wa Butembo hakati kitu alichonunua kizima. Nikanunua pia bashi, turubai kubwa la kufunika mzigo wote, kwa sababu kwetu mzigo ulio wazi ni mzigo unaoita watu. Mambo hayo mawili niliyafanya kwa akili yangu yote. Msomaji ayakumbuke.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka. Muhindo alifanya ishara ya msalaba, akashusha kioo chake mpaka chini ili asikie njia. Yeye ni mtu wa kuimba, njia nzima huimba, na sauti yake si nzuri. Siku hiyo hakuimba, na nikagundua kwamba naitamani ile sauti mbaya.

Kipimo chetu barabarani ni wenye pikipiki. Wakiendelea kuja kutoka mbele, mbele kuko salama. Wakikatika, jiulize. Mpaka kijiji cha Maboya nilihesabu ishirini na sita. Baada ya hapo ilikuja moja, imebeba kitanda na mtu juu ya kitanda. Halafu hazikuja tena. Barabara ilikuwa tupu, nyasi pande mbili ndefu kuliko kabini, na mimi nikawa natazama kila mgomba kama una macho. Muhindo alipunguza mwendo, kisha akaongeza, kisha akapunguza, kama mtu asiyejua aagane vipi. Mkono wangu ulikuwa juu ya mlango, kana kwamba nikiufungua nina mahali pa kukimbilia. Kwenye kona moja tulikuta pikipiki saba zimesimama. Mti ulikuwa umeanguka na watu walikuwa wakiukata. Ni mti tu.

Saa tatu tulifika Beu. Papa Kambale, mwenye magari, alikuwa fundi wa shamba kubwa la kahawa tangu ujana wake, na magari hayo aliyapata kama chuma kikuukuu shamba lilipokufa. Alitupa chai, akatuonyesha karatasi ya mauzo na ruhusa ya kuyahamisha, yenye mihuri minne. Nilihesabu mihuri mara mbili. Halafu akafungua mdomo wa jipu. Mahali pa injini hapakuwa na injini. Palikuwa na kuku mwekundu amelalia mayai.

"Huyu njo mwenye jipu," alisema. "Miye ni mupangaji tu."

Nilisema kama injini haipo, basi kuku ni matabisha, ile nyongeza ambayo mwuzaji mwenye adabu humwekea mnunuzi. Papa Kambale alisema hajawahi kuona mtu wa Butembo akitoka mahali bila kuomba nyongeza. Nikasema nami sijawahi kuona jipu la mayai likiuzwa bei ya jipu zima. Tulikubaliana: kuku anabaki mahali pake ndani ya jipu, aje nasi, na mzee mwenyewe anasafiri nasi aone magari yake yatalala wapi. Kwa hiyo tulikuwa watatu.

Palan ilifanya kazi vizuri, ngazi zikashika. Jipu lilikaa nyuma, kamyo ndogo mbele, minyororo minne kwa kila gari. Nane. Mara ya pili, nane. Tukaziweka ngazi kando ya magari, tukafunika yote kwa bashi, na mabomba manne yakatokea nyuma kwa urefu wa mkono, kama Kakule alivyosema.

Saa tano, kwenye barrière, kizuizi cha kutoka mjini, askari alizunguka kamyo. "Fungola," alisema, kwa Kilingala chao, yaani fungua. Tulifungua. Alisoma karatasi, akagonga jipu kwa kidole, akaturudishia karatasi. Ndipo akanipa shauri, na alilitoa kwa wema: "Mama, ufunike muzuri. Batu hapana kuona hii, bataogopa." Tukafunika vizuri zaidi, tukafunga kamba pande zote.

Kijiji ambamo mambo yalitupata sitakitaja, watu wake hawakukosa. Ilikuwa karibu saa saba. Kwenye mlima nilisikia chuma kinagonga chuma nyuma yetu, nikamwambia Muhindo asimame kwenye nyumba za kwanza. "Yaya, hapa?" aliuliza, kwa jina letu la dada mkubwa. Hapa. Nilishuka, nikainua pembe ya bashi, nikahesabu minyororo. Saba. Nikahesabu tena. Saba. Wa nane ulikuwa umechomoka kwenye pete na kuning'inia.

Kando ya barabara mwanamke alikuwa amekaa na beseni anachambua maharagi. Nilimsalimu kwa Kinande. Hakuitika. Alikuwa anatazama pembe niliyoinua, bodi la kijani la jeshi, halafu mabomba manne meusi yanayotazama nyumba yake. Aliweka beseni chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akaingia nyuma ya nyumba.

Ndipo filimbi ikalia. Moja, kisha nyingine mbali zaidi, kisha masufuria yakaanza kupigwa mlima mzima. Mtu wa Beni au Butembo hahitaji kuelezwa. Ni alama kwamba wauaji wameingia. Niliona watu wanatoka kwenye nyumba na magodoro kichwani, na mbuzi, na mzee amebebwa mgongoni, wote wanashuka kwenye migomba bila kupiga kelele. Ni huko kunyamaza kulikonimaliza. Nilijiangusha chini ya kamyo, kati ya magurudumu, Muhindo akanifuata. Nilimshika mkono. Huyu mmoja, nilisema moyoni. Huyu mmoja, huyu mmoja. Nilikuwa nangoja kusikia risasi, na kutoka upande gani.

Papa Kambale hakushuka, magoti yake hayamruhusu. Tulisikia sauti yake juu, kwenye kabini, ya kawaida kabisa.

"Batoto, mutoke huko chini. Banakimbia siye."

Sikuelewa. Alirudia. Hakuna aliyekuja. Njia ilikuwa tupu pande mbili. Katika kijiji chote kitu kipya kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na mabomba manne kama mitutu ya bunduki, na mwanamke, ndiye mimi, aliyekuwa akikifunua kidogo kidogo.

Muhindo alitaka tuwashe tuondoke. Na mimi nilitaka, nasema kweli. Mzee akatukataza. Simu zimeshapigwa, alisema. Kijiji cha mbele kinatungoja, na kule hatutapata nafasi ya kusema hata jina.

Vijana walitokea kwenye migomba, tisa. Mara ya pili nilihesabu kumi na mmoja. Mbele alikuwa mwanamume mrefu katika koti la kanisani, na panga lake alilishika kwa mikono miwili, kama mtu asiyezoea kulitumia. Hilo liliniogopesha kuliko panga lenyewe, kwa sababu mtu wa namna hiyo hajui mkono wake utafanya nini.

"Mutoe bashi," alisema. "Polepole."

Tuliitoa. Jipu likabaki wazi juani, dogo, na taa moja. Papa Kambale aliteremka kwa shida, akaomba ruhusa, akainuliwa juu na vijana wawili, akafungua mdomo wa jipu. Kuku alikuwa bado kwenye mayai, anatutazama kwa hasira. Mtu mmoja nyuma alicheka. Kicheko hicho hakikupata mwenzake.

"Hapana mutu anatoka hapa," mwenye koti alisema, akachukua ufunguo wa kamyo, "mupaka hesabu itimie."

Ndiyo desturi yao. Wakishakimbia, wanarudi na kuhesabiana nyumba kwa nyumba. Katekista alisimama katikati ya barabara na daftari, akasoma majina ya wenye nyumba, na kila jina sauti inajibu: tuko sita, tuko wanne, tuko wote. Mimi ninayehesabu kila kitu nilikaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza hesabu haikuwa yangu. Ilifika nyumba ya yule mwanamke wa maharagi.

"Tunapunguka mutu moja," alisema. "Mama yangu."

Walitoka kumtafuta. Saa nane ikapita. Saa tisa. Mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa. Kijana mmoja alimtajia mwenzake neno petroli, hakulisema kwa sauti, lakini sisi watatu tulilisikia. Muhindo alininong'oneza, "Yaya, na kama hawamuone?" Kila alichonunua mtu kinaweza kurudishiwa mwenyewe, nilifikiri, hata kamyo, ila huyo bibi akiwa ameanguka mahali na moyo wake umesimama, sina cha kurudisha isipokuwa huyu aliyekaa karibu yangu.

Karibu saa kumi walimleta, amebebwa, mguu mmoja una kiatu. Alikuwa hai. Alikuwa amejificha kwenye kakao, amejifunika majani, na hakuitika walipomwita kwa sababu alidhani ni wauaji wanaomwita kwa jina. Walimketisha mbele ya kamyo. Alilitazama jipu muda mrefu.

"Ni hii?"

"Njo hii, Koko," mwenye koti alimjibu bibi.

"Munanikimbiza na miguu hii juu ya nyumba ya kuku." Hakucheka. Aliomba maji, akanywa, kisha akaninyooshea kidole. "Anipe ile kuku."

Sijawahi maishani kutoa matabisha baada ya kuyapata. Nilipanda, nikamtoa kuku, nikafunga mayai ndani ya kitambaa changu cha kichwa na kumwekea kwenye mapaja. Mayai yalikuwa saba. Niliyahesabu mara moja tu.

Mwenye koti alinirudishia ufunguo. Mwanamke wa maharagi alikuwa ameshapiga magoti barabarani anaokota maharagi yake yaliyomwagika watu walipokimbia. Nilitaka kumsaidia, akauzuia mkono wangu.

"Siku ingine upite wazi," alisema. "Tuone kile tunakimbia."

Nilirudisha mnyororo wa nane kwenye pete yake, tukapita wazi. Bashi tuliikunja tukaikalia. Muhindo alipiga honi polepole mbele ya kila nyumba, na katika kijiji kilichofuata watu walikuwa wamesimama kando kwa mapanga, wakatutazama, wakatuachia njia. Mvua ilitukuta huko, ikalowesha magari, na sikuyafunika.

Kesho yake, kabla ya chai, nilimpelekea Kakule kamyo akate mabomba. Aliyakata bila kuniuliza kitu, na vipande vinne akaniwekea kwenye mfuko, kwa sababu ananijua. Nimevihifadhi. Njia ile ina hofu mbili, ile ninayoibeba na ile ninayoipelekea watu, na mimi nilikuwa nimehesabu moja.

Lakini hilo la mabomba ni la kesho yake. Jioni ile, tulipoingia Butembo, nilisimama kwenye lango la hoteli nikampigia mama.

"Tumefika," nilisema. "Tumerudi batatu."

"Nilisema babili."

"Moja ni matabisha."

Nilidhani atacheka.

"Hesabu tena," alisema.

Nikageuka. Papa Kambale alikuwa anapangusa taa ya jipu kwa mkono wa koti lake. Muhindo alikuwa bado kwenye usukani, mikono miwili juu yake, haimbi. Nikahesabu tena.