Vile Nilikuwa Namfunga Dolphine

"Toa hiyo futi kwa mtoto wangu."

"Mama, napima makalio tu."

"Makalio ya nini? Amekufa?"

"Hajakufa. Ndiyo maana napima mapema."

Hapo ndipo niliharibu. Hayo maneno ya mwisho yalinimaliza.

Mong'ina, mama wa ndizi, alinyakua mtoto wake akapiga nduru. Nduru ya soko la Suna si mchezo. Kabla nikunje futi, wamama walikuwa wamenizunguka, mmoja ameshika mwiko, na mimi najieleza kama mtu ameshikwa na kuku ya wenyewe.

Shida ilikuwa hivi. Hiyo futi haikuwa yangu.

Ilikuwa ya mzee Nyarangi, yule hutengeneza majeneza, na kibanda chake kimeegemea changu. Futi ya njano, imekatika mwisho. Suna nzima wanaijua. Mara zote wameiona ikipima mtu, huyo mtu haamki.

Sasa mimi nimeibeba mpaka sokoni, napima nayo mtoto mzima anakula ndizi.

Walinifukuza hadi barabarani. Hawakunipiga. Walinitemea tu mate nyuma, ya kutoa mkosi, na kusema nisionekane karibu na mtoto yeyote.

Naitwa Nchagwa. Wakati huo nilikuwa kijana wa kuchomelea vyuma hapo Migori. Shule niliacha darasa la sita, si karo, ni vile sikuweza kukaa dawati moja asubuhi mpaka jioni. Nikaenda Masara kuchimba dhahabu, shimo nayo ikanishinda. Chuma ndiyo ilinikubali.

Mwaka ni tisini na saba, kabla ile mvua ya El Nino ianze.

Mzee Wangwe alikuwa amefungua supamaketi. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na troli. Alizitoa Nairobi, za duka moja lilifungwa. Wasee walikuwa wanaingia kusukuma troli tu, wanaweka kiberiti moja ndani, wanazunguka, wanatoka wamefurahi.

Hizo troli zilikuwa na kiti ya mtoto huko juu, karibu na mkono wa kusukuma.

Siku moja mtoto akaruka kutoka hapo juu, kichwa kikaenda kwa simiti. Alishonwa uso, akapona. Lakini Wangwe aliogopa. Akaniita nikate viti zote nitupe.

Nilimuuliza mama alikuwa anafanya nini wakati mtoto ameruka. Akasema mama alikuwa ameinama kuchukua unga.

Nikajua mara moja.

Huku kwetu mama akitaka kubeba mtoto, anampa mgongo anainama. Mtoto anaruka, anashika shingo, leso inafuata. Hiyo ndiyo salamu yao. Mtoto hajafunzwa kukaa akiangaliwa, amefunzwa mgongo. Ukimweka kwa kiti huko juu, halafu umpe mgongo na uiname kuchukua unga, ni kama umemwambia njoo.

Naye akaja.

Wangwe akaniuliza kijana bila mke, bila mtoto, nimejulia wapi hiyo maneno.

Nilimchekea tu. Lakini nyinyi nitawaambia.

Dada yangu Mellen alipata mtoto akiwa hajaolewa. Baba ya mtoto akapotea. Mellen akapata kazi ya jikoni huko Asumbi, kulala huko huko, na kule huwezi kwenda na mtoto. Wazazi wetu walikuwa wamekufa. Akaniachia msichana mdogo, hata meno hana. Dolphine.

Mimi na jiko la stovu na mtoto. Hivyo tu.

Kufunga leso kama wamama sikujua. Nilijaribu, fundo inateleza, mtoto anashuka kama gunia. Kitu nilijua ni kufunga vyuma kwa keria ya baiskeli na blada, ule mpira wa tyubu. Unapitisha, unavuka, unazungusha mara ya pili, halafu unaingiza mkia chini ya ile ya kwanza. Hakuna fundo. Ukirukaruka barabarani inakaza. Ukitaka kufungua, unavuta mkia mara moja, yote inaachilia.

Nikafunga mtoto hivyo.

Alikuwa anakaa kwa mgongo wangu nikikata chuma. Nikichomelea namweka kwa Nyarangi, ndani ya jeneza mpya, kwa sababu ilikuwa na kuta hawezi kutoka. Wacheni kunihukumu. Nikiinama kuokota kitu, anatoka mbio huko alikuwa, anaruka mgongoni. Watu wakaanza kuniita Mama Dolphine. Mwanaume anabeba mtoto na leso, Suna, mchana. Mimi nilikuwa nawatukana tu naendelea.

Alikua. Akaanza kuongea, akaanza kufunga gunzi la mahindi kwa mgongo wake na kipande cha blada, vile nilikuwa namfunga.

Halafu Jumapili moja Mellen akakuja. Amepata mwanaume Homa Bay, wanaanza nyumba. Alikunja nguo ya mtoto ikaisha upesi, haikuwa mingi. Sikuulizwa. Mjomba anaulizwa nini?

Alisema atatuma salamu na kuniambia nyumba iko wapi. Hakutuma, na miaka ikapita.

Watu wa kwetu wakawa wananisumbua. Sisi Wakuria, ng'ombe za mahari ya dada ndizo kaka huoa nazo. Nyarangi alikuwa ananiuliza kila asubuhi ng'ombe zimefika wapi, kwa sababu nikizeeka bila mke atanitengenezea sanduku ya bure. Nilikuwa nacheka.

Ng'ombe sikuwa nataka. Nilikuwa narudi kwa nyumba jioni, nafungua kufuli, na hakuna mtu anaruka mgongoni. Ukiinama kuwasha stovu, unangoja kidogo. Mwili unangoja wenyewe. Halafu unawasha stovu.

Sasa turudi kwa Wangwe. Nilimwambia asikate viti. Anipe troli moja nitengeneze kiti ya watoto wa huku. Akakubali, akanionya mtoto mwingine akianguka, hata yeye atahama Migori.

Ndiyo nikachukua ile futi. Mengine mnajua.

Baada ya sokoni hakuna mama angenipatia mtoto. Nikabaki na kitu moja tu nilijua ukubwa wake. Mgongo wangu.

Jumapili, watu wako kanisa, nililala kwa tumbo kwa benchi na Nyarangi akakunja waya juu ya kiuno changu, pale Dolphine alikuwa anakaa. Alikuwa ananung'unika kwamba watu wake huwa hawageukigeuki hivi. Huo mkunjo wa waya ndio ulikuwa kiti.

Nikakitoa kule juu nikakishusha chini ndani ya kikapu, mtoto akijitupa troli isipinduke. Kila ncha ya chuma nikaivalisha mpira. Nyuma nikaacha matundu mawili marefu ya kupitisha leso. Mama atumie leso yake mwenyewe, mtoto anajua harufu yake, na aifunge ile ya blada, ya bila fundo.

Mtoto wa kujaribu sina. Nikajaza gunia mchanga, nikalifunga, nikapiga troli teke. Haikupinduka. Nikaiachilia kwa mteremko wa kwenda mtoni. Iligonga mti, gunia halikutoka.

Nililipigia gunia story njia yote ya kurudi. Nyarangi alinisikia. Mara hiyo hakunitania.

Wangwe akaiweka mlangoni mwa duka. Ikakaa. Kila mama anaipita mbali. Habari ilikuwa imeenea kwamba hiyo kiti imepimwa na futi ya majeneza.

Wangwe alikuwa karibu kuitupa, ndipo Mong'ina akakuja. Alikuja kuchukua sukari, mtoto mgongoni, na akanikuta hapo. Akaniuliza kama nimeua mtu tangu siku ile. Nikamwambia bado.

Akaingiza mkono kwa kiti, akapapasa ule mkunjo polepole, kama mtu anapima unga.

"Huu ni mgongo wa nani?"

"Wangu."

"Futi haikuingia hapa?"

"Haikuingia. Uliza Nyarangi."

Aliniangalia. Halafu akakumbuka, nikaona anakumbuka. "Kumbe ni wewe yule Mama Dolphine."

Akafungua leso, akaweka mtoto. Nikamwonyesha kufunga. Akasema ni ufungaji wa mtu wa baiskeli, lakini akavuta, ikashika. Akampa mtoto mgongo akainama kuchukua sukari. Mtoto akajitupa. Troli ikatingika tu kidogo. Kufika kaunta, mtoto alikuwa amelala.

Kutoka hapo kazi ilikuwa nyingi. Wangwe akafungua duka la pili Homa Bay, akaniambia niende na troli, nikae mlangoni siku za kwanza nikionyesha wamama kufunga.

Homa Bay.

Nilinyoa. Nikanunua shati. Mji mdogo, duka jipya, kila mtu lazima apite kuangalia. Nilisema moyoni, nikikaa tu kwa huu mlango, Dolphine atapita.

Siku ya kwanza hakupita. Ya pili pia. Nilionyesha wamama wengi mpaka mikono ikawa inafunga yenyewe, macho yako barabarani. Usiku nalala stoo juu ya magunia ya Wangwe.

Ya tatu, wakaingia.

Mellen, amenenepa vizuri. Mwanaume mrefu na kofia, ndiye Bonface. Mtoto mdogo wa kiume mgongoni mwa Mellen. Na nyuma, ameshika sketi ya mama yake, msichana wa yunifomu, mguu mrefu, pengo la meno mbele.

Mimi nilikuwa nimepima kiti na kiuno changu, nikisema moyoni kuna mtu mmoja kitamkaa sawasawa. Hata goti lake halingeingia pale.

Mellen aliniona. Uso ukakauka.

Akamtuma Bonface aangalie bei ya mafuta huko ndani. Akanisogelea haraka, akaongea Kikuria, chini chini.

"Nchagwa, niliwaambia watu wa Bonface sina kaka. Nilisema kwetu hakuna mtu wa kudai ng'ombe, ndiyo wakanikubali na mtoto wangu. Ukisema jina lako hapa, unanirudisha nyumbani."

Nilitaka kumwambia ng'ombe sizitaki hata moja. Nilitaka kumwambia vitu vingi. Lakini Bonface alikuwa anarudi.

"Huyu ni nani?" Dolphine akauliza. Aliuliza mama yake, si mimi. Ananiangalia vile unaangalia mlango.

Mellen akageuka kumtazama Bonface.

Nikajibu mimi. "Mimi ni fundi wa viti."

Bonface akafurahi. Mtu mzuri, niseme ukweli. Akaniita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, akatikisa troli, akauliza kama inaweza shika kijana wake Cliff, huyo wa mgongoni, ni mkorofi. Nikamwambia aijaribu.

Mellen akaweka mtoto kwa kiti, akapitisha leso kwa matundu, akafunga fundo ya wamama. Cliff akajipinda mara moja, fundo ikateleza, mguu mmoja umeshatoka.

Nikanyoosha mkono nimwonyeshe.

"Si hivyo, mama," Dolphine akasema.

Akanipita chini ya mkono. Akachukua ncha za leso. Akapitisha, akavuka, akazungusha mara ya pili, akaingiza mkia chini ya ile ya kwanza. Akaipiga kofi kidogo juu, pap, vile mtu hupiga mzigo wa chuma ukishakaa kwa keria.

Hilo kofi sikuwa nimeonyesha mama yeyote, Migori wala Homa Bay. Hilo ni langu. Hata mimi sikujua huwa nalipiga mpaka nilipoliona kwa mkono wa mwingine.

"Yawa, nani amekufunza?" Bonface akamuuliza.

Dolphine akafikiria kweli. Akakunja uso.

"Sijui," akasema. "Hivyo ndivyo hufungwa."

Mellen alikuwa ameangalia sakafu. Mimi nikajifanya natafuta spana kwa mfuko.

Wasee, mimi si mwalimu. Lakini mtu akikuuliza faida ya kulea mtoto ambaye si wako, usidanganye eti atakukumbuka. Sura yako itamtoka. Jina litamtoka haraka zaidi. Mlee tu, na umfunge vizuri. Kile umemfunga nacho ndicho atafunga nacho wengine, na hatajua ni wewe.

Walizunguka duka lote. Cliff alijitupa mbele, akajitupa nyuma, hakutoka.

Wakalipa. Hapo mlangoni spana ikanianguka, nikainama kuiokota.

Nikasikia viatu vya shule vimesimama nyuma yangu. Vikasimama, kama mtu amesahau kitu.

Sikuinuka. Nilikaa vile vile, mgongo wazi, sijui nilikuwa nangoja nini.

"Dolphine, twende," Mellen akaita.

Viatu vikakaa hapo kidogo tena. Halafu msichana akageuka, akashika mkono wa mama yake, wakaenda.