Ingia Kwenye Weusi

Huko milimani Aso, kwa lugha ya wenyeji, neno la kuchoma ni moja, yaku. Samaki huchomwa makaani, nyika ya kijiji huchomwa kila Machi ili majani mapya yaote, na mama anayemganda mwanawe kwa kumhangaikia, naye husemwa anachoma. Kwa kipimo hicho Tokie Iwashita alikuwa nyika nzima inayowaka.

Asubuhi ya kuchoma alimfunga mwanawe Kazunari taulo lenye maji shingoni, na huyo ni mwanamume wa miaka thelathini, ameshika mwenge kwa mara ya kwanza.

"Upepo ukigeuka?"

"Mama, jamani!"

"Ukigeuka, Kazu?"

"Navuka moto, naingia kwenye weusi, palipokwisha kuungua. Sikimbilii mlimani. Umeridhika? Hata samaki hageuzwi-geuzwi hivi!"

Wenzake wakacheka. Tokie hakucheka, alilikaza tena fundo la taulo. Mumewe Shigeto alikuwa mwasha moto hodari, na upepo ulipogeuka alikimbilia juu, kwenye majani makavu, kosa ambalo hata mtoto wa Aso halifanyi. Moto humshinda mtu mbio za mlimani, nao ukamuua. Siku ile Tokie alikuwa juu, ukingoni mwa mlima, na wanawake wenzake. Tangu hapo husimama chini, barabarani, na miaka yote humlilia mumewe huku akimtukana: mjinga wewe, ulikuwa unakwenda wapi?

Adhuhuri upepo ukageuka.

Moshi ukaufunika mteremko, na pale alipokuwa Kazunari hapakuonekana kitu. Watu wakaita jina lake. Hakuitika.

Tokie alishtukia yumo ndani ya majani makavu, anapanda, anaita. Nyuma yake moto ukanguruma.

"Mama! Huku! Kwenye weusi!"

Kazunari aliruka kutoka upande ulioungua, akamfunika uso kwa lile taulo, akamburuta kupita katikati ya ndimi za moto. Wakaanguka juu ya majivu ya moto, wazima, nyusi za mama zimekwisha.

"Umerogwa?" Kazunari alimpangusa masizi usoni. "Kila siku unaniimbia wimbo huo huo, halafu wewe ndiye unakimbilia mlimani! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwako," akasema Tokie.

Akalisikia neno lake mwenyewe. Akainua macho hadi kule ukingoni, alikokuwa amesimama mwaka ule Shigeto alipopanda mbio, na kwa mara ya kwanza akamlilia Shigeto bila kumtukana.