Salfa Imeshapuliziwa?

Hapa Newala wanasema nimerudi na kiburi. Nawapita wazee nimeinamisha kichwa, shikamoo imenikwama kooni. Laiti kingekuwa kiburi.

Niliondokea stendi ya Masasi na begi jipya, nimeahidiwa kazi ya kuhudumia wateja huko Asia. Nikaishia kwenye jengo lenye nondo madirishani, paspoti wameichukua. Kazi yenyewe ilikuwa utapeli: kujifanya daktari kijana wa Kitanzania aliyeko Kanada, yatima anayetafuta mama wa kumsimamia mashamba nyumbani. Mama akishakuzoea, unamwambia umemtumia mzigo wa zawadi, alipie ushuru autoe. Asiyepata mtu alichapwa kwa waya.

Nilichapwa, kisha nikawa mjanja. Hilo ndilo linaloniumiza.

Niliwaambia mabosi kwamba mama wa kwetu hababaiki na maneno matamu. Mwamkie kwanza. Muulize amelalaje. Halafu muulize kama salfa imeshapuliziwa, kwa sababu anayeikumbuka ile dawa ya mikorosho ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haogopwi. Wakapenda, wakaamuru wenzangu wote waandike vivyo hivyo. Sikuguswa tena na waya. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Askari walipovamia jengo letu nikarudishwa kwetu. Majengo mengine ya mabosi walewale yalibaki.

Juzi nilikwenda Makote kwa mama yangu mdogo, nikamkuta uani anabangua korosho. Akanikabidhi simu.

"Hebu nisomee, macho yangu haya yamechoka! Ni yule mwanangu wa Kanada. Wewe unanipita kama kisiki, yeye ananiamkia kila siku. Na mambo ya shamba anayajua huyo!"

Nikasoma. *Shikamoo mama. Umelalaje? Salfa imeshapuliziwa?*

Ningeweza kusema tu kwamba huyo ni tapeli, nikarudisha simu, yakaisha. Lakini angeniuliza nimejuaje, na nilikuwa nimechoka kudanganya kina mama.

"Mama mdogo, usimtumie kitu. Hayo maneno niliyatunga mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilipokuwa nimefungiwa kule. Na huyu anayeandika naye amefungiwa, asipopata mtu anachapwa."

Alitazama vidole vyake, vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Kwa hiyo nikinyamaza, atapigwa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaichukua simu, akaizima.

"Maskini, mtoto wa watu," akasema. Alikuwa anamwonea huruma yule wa kwenye simu. Mimi hakunitazama.

Nililala hapohapo Makote. Asubuhi nilimfuata uani nikapiga goti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nirudi, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, mama mdogo."

Akaokota korosho nyingine, akaendelea kubangua.